Kuchagua kompyuta mpya ya injini kwa Subaru yenye turbo: mwongozo kwa wanaoishi nyanda za juu

Mwongozo huu ni wa mwenye Impreza WRX, STI au Forester ya turbo anayeendesha Nairobi, Nakuru, Eldoret na kwingineko juu huko. Ameshabadilisha turbo au nozeli, au anapanga kubadilisha, na kila anayemsimulia anamwambia aweke kompyuta ya kujitegemea, yaani mpya kabisa inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. Wenye Lancer Evolution watafaidika pia, ila namba za modeli nitakazotaja ni za Subaru.

Msimamo wangu nautoa mapema. Wengi wetu hatuhitaji kompyuta mpya kabisa. Na anayeihitaji kweli atafute fundi kwanza, boksi lifuate.

1. Ijue injini uliyo nayo, si ile uliyoambiwa unayo

Anza na namba iliyogongwa kwenye bloku. Impreza ya GDA (msimbo wa bodi) kutoka Japani huja na EJ205, ya familia ya injini za EJ, STI ya GDB huja na EJ207, Forester SG5 ya turbo ni EJ205, na SG9 STI ni EJ255 ya lita 2.5. Hivyo ndivyo zilivyotoka kiwandani. Gari lililokaa Kenya miaka mingi linaweza kuwa limebadilishwa injini mara moja au mbili, na kitabu cha gari kisiseme lolote. Kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, GC8 (Impreza ya kizazi cha kwanza) na GDB tulizo nazo ni zile zilizoingia zamani, zikapita mikono mingi.

Mikono hiyo iliacha alama kwenye waya. Kila mwenye gari aliweka alamu yake, swichi yake ya siri ya kuzima pampu ya mafuta, na kifaa cha kufuatilia gari. Fungua pembeni mwa kiti cha mbele cha abiria na chini ya dashibodi uangalie viungo vilivyofungwa kwa tepu. Kompyuta ya dola elfu moja na zaidi ikichomekwa kwenye waya za namna hiyo itakusumbua kuliko ya zamani, na lawama ataangushiwa fundi wa kutyuni, yaani wa kurekebisha mipangilio ya kompyuta.

Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne. Usishtuke ukiona namba za chini kuliko zilizo kwenye kitabu cha kiwanda: presha ya hewa Nairobi ni takriban kilopaskali 83, ilhali usawa wa bahari ni 101, na kipimo hushuka kwa uwiano huohuo. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda moja na nyingine. Silinda ikiachwa nyuma na wenzake, hasa kwenye injini za lita 2.5 ambazo pistoni zake zinajulikana kwa kuvunjika kingo zinazoshika ringi, hela za kompyuta zielekeze kwenye injini.

2. Jiulize kama kompyuta ya kiwandani imeshindwa kweli

Kompyuta za Denso zilizo kwenye Subaru nyingi za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinaweza kuandikwa upya bila kuondolewa kwenye gari. Kebo ya kuunganishia ni Tactrix OpenPort 2.0, programu ya EcuFlash ni ya bure, na RomRaider ya kuhariri majedwali na kurekodi data pia ni ya bure. Mafundi wa kulipwa hutumia zaidi EcuTek ya Uingereza. Cobb Accessport ya Marekani ni nzuri, lakini modeli zake zililenga zaidi magari ya soko la Marekani, na kila kifaa hufungwa kwenye gari moja. Ukiuziwa kilichotumika ambacho hakijafunguliwa kutoka kwenye gari la zamani, umenunua pambo.

Kwa gari lenye ekzosi huru, intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa, pampu bora ya mafuta na turbo ya kiwandani au iliyozidi kidogo, kuandika upya kunatosha. Tena unabaki na vitu ambavyo wahandisi wa Subaru walitumia miaka kuvirekebisha: injini kuwaka asubuhi yenye baridi ya Limuru, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) kutulia ukiwasha AC, gia ya otomatiki kubadilika bila kurusha.

Sababu za kweli za kuhama ni chache. Sensa ya MAF, inayopima hewa inayoingia, hufika volti 5 ikaacha kuhesabu hewa, na turbo yako inavuta zaidi ya hapo. Unataka kompyuta ilinde injini kwa kusoma presha ya oili na ya mafuta. Gari ni la mbio za rally na linahitaji udhibiti ambao ya kiwandani haina. Au una GC8, ambayo kompyuta yake haiandikwi upya kirahisi kupitia soketi ya OBD (ya kupimia hitilafu), kwa hiyo boksi la kuchomeka ndilo njia fupi.

Kuna pia vile viboksi vidogo vinavyokaa katikati ya sensa na kompyuta na kuidanganya, vinavyoitwa pigibeki. Kwa Subaru ambayo inaweza kuandikwa upya, sioni kazi yake. Kompyuta ya kiwandani hujifunza na kujirekebisha, kwa hiyo unaidanganya leo, nayo polepole inaufuta uongo.

3. Hesabu hewa ya unakoishi na ya unakokwenda

Hapa ndipo ushauri wa kutoka Japani, Australia au Uingereza unapotupungukia.

Turbo haijui Nairobi wala Mombasa. Inajua hewa iliyo mbele yake. Ukitaka presha kamili (ya turbo pamoja na ya hewa ya nje) ya kilopaskali 200 ndani ya manifoldi, pwani turbo huizidisha hewa karibu mara 2. Nairobi huizidisha mara 2.4. Inazunguka kwa kasi zaidi, inaipasha hewa joto zaidi, na inachelewa kuanza kusukuma. Kwa hiyo turbo ambayo jamaa wa Sydney anasema inatoa busti (presha ya ziada ya turbo) ya bar 1.5 bila shida, hapa inaweza kuwa imeshafika mwisho wa uwezo wake.

Sasa geuza safari. Springi ya westigeti, valvu inayozuia busti isizidi, hupima tofauti kati ya presha ya turbo na ya hewa ya nje. Gari lililotyuniwa Nairobi kwa bar 1 ya geji lina presha kamili ya takriban kilopaskali 183. Shuka nalo hadi Mombasa kwa bar ileile moja ya geji, na injini inapokea kilopaskali 201. Geji inasoma kama jana, lakini hewa imeongezeka karibu asilimia 10, nyuzi joto zimepanda, na kompyuta imeingia kwenye visanduku vya ramani (majedwali ya mafuta na cheche) ambavyo fundi hakuwahi kuvigusa. Injini nyingi zinazosemekana zililipuka kwa bahati mbaya baada ya kupita Mtito Andei hazikuwa na bahati mbaya yoyote.

Kompyuta ya kiwandani ina majedwali ya kurekebisha busti kulingana na presha ya angahewa. Kompyuta mpya huja na uwezo huo, lakini mara nyingi jedwali lenyewe ni tupu. Kwa hiyo unaponunua, uliza: ina sensa yake ya presha ya angahewa ndani ya boksi, au itabidi kuongeza ya nje? Inaweza kulenga busti kwa presha kamili badala ya presha ya geji? Kuna mahali pa kupunguza taimingi (wakati wa kupiga cheche) kufuatana na joto la hewa inayoingia? Kompyuta yoyote ya maana ya miaka ya karibuni itakujibu ndiyo. Za zamani, na za bei ya kutupwa, siyo zote.

Mafuta nayo yana neno. STI za Japani zilitengenezwa kwa petroli yao ya oktani 100. Super ya vituo vyetu haifiki hapo, kwa hiyo ramani yoyote iliyoletwa tayari kutoka Japani inafaa kutazamwa tu, siyo kuendeshwa. Na kwa kuwa E85, mafuta yenye ethanoli nyingi, haiuzwi vituoni kwetu, usilipie sensa ya kupima ethanoli. Pesa hiyo ina kazi nyingine nitakayoitaja.

4. Mtafute fundi kabla ya boksi

Kompyuta ya kujitegemea haina akili ya kuzaliwa nayo. Ramani ya kuanzia inayokuja nayo ni ya kuwashia injini na kulisogeza gari hadi kwenye dino, ile mashine ya roli ya kupimia nguvu. Kilichobaki kinatoka kwenye kichwa cha fundi. Fundi anayeijua Link kwa undani atakupa gari bora kwa Link kuliko kwa MoTeC anayoifungua mara ya kwanza kwako; makampuni hayo nitayaeleza sehemu ya 5.

Muulize ametyuni EJ ngapi kwa kompyuta hiyo, na umwombe namba ya mwenye gari mmojawapo ambaye bado analiendesha kila siku. Muulize anasikilizaje injini ikigonga, yaani mafuta yakijilipukia vibaya ndani ya silinda: kwa visikilizi vya masikioni vilivyounganishwa na sensa, au kwa kukisia? Muulize kama utapewa faili ya ramani na nywila. Swali hili la mwisho huwakera baadhi yao. Wapo wanaofunga kompyuta kwa nywila na kuondoka nayo, wakidai ramani ni siri ya kazi yao. Mimi naona ukishalipia kazi, faili ni lako. Kama yeye haoni hivyo, mjue mapema kabla hela haijatoka.

Kutyuni kwa mbali kupitia intaneti kunawezekana, na wengi wa Afrika Mashariki wanafanya hivyo na mafundi wa nje. Fundi anaingia kwenye laptopu yako gari likiwa kwenye dino au unamtumia rekodi, naye anarudisha ramani. Ukienda njia hiyo, mwambie tangu mwanzo uko mita ngapi juu ya bahari na unaweka mafuta gani, kwa sababu hatakisia. Usirekodi peke yako ukiwa unaendesha barabara ya Thika. Tumia dino, au uwanja uliofungwa ukiwa na mtu wa pili kwenye laptopu.

Usibabaike pia na karatasi ya dino. Mashine nyingi hurekebisha namba ili zilingane na usawa wa bahari, na hesabu hiyo ilitungwa kwa injini zisizo na turbo. Kwa gari la turbo lililopimwa Nairobi, inatia chumvi. Omba namba zisizorekebishwa, za kabla na za baada, kwenye mashine ileile.

5. Makampuni

Link ya New Zealand na Haltech ya Australia ndizo zinazoifaa EJ kirahisi zaidi. Link hutengeneza bodi ya kuchomeka inayoingia ndani ya kasha la kompyuta ya kiwandani, kwa hiyo waya hazikatwi, na ukiuza gari unarudisha ya zamani. Haltech, kupitia safu ya Elite na sasa Nexus, hutumia waya za kuunganishia zinazoendana na soketi za Subaru.

MoTeC, pia ya Australia, ni ya mashindano na bei yake ni ya mashindano. Kwa gari linalokupeleka kazini Jumatatu sioni sababu. ECUMaster ya Poland na MaxxECU ya Sweden ni imara na bei yake inavumilika, mradi fundi wako anazijua.

Apexi Power FC ya Japani bado inazunguka sokoni ikiwa imetumika, hasa kwa GC8. Ilikuwa kompyuta nzuri ya wakati wake. Leo ulinzi wake ni mdogo, na kuiunganisha na laptopu kunahitaji kifaa cha ziada kutoka kampuni nyingine, kwa hiyo ichukue tu kama bei ni ndogo sana na fundi wako aliizoea. MegaSquirt, Speeduino na rusEFI ni za wanaopenda kulehemu waya kwa mkono wao. Zinafanya kazi, na utajifunza mengi, lakini usizijaribie kwenye gari pekee ulilo nalo.

6. Linganisha boksi na injini, kitu kwa kitu

Andika orodha hii na umtumie muuzaji. Akijibu kwa jumla jumla, tafuta mwingine.

Kwanza mpangilio wa meno ya krankishafti na kamshafti. EJ za zamani zina meno 6 kwenye kranki na 7 kwenye kamshafti. Za baadaye zina gurudumu la 36 lenye mapengo matatu ya meno mawili mawili. Kompyuta lazima iutambue mpangilio wako, na kama injini ilibadilishwa, mpangilio ni wa injini iliyomo sasa, siyo wa bodi ya gari.

Pili AVCS, mfumo wa kugeuza kamshafti. Kama inageuza upande wa kuvuta hewa tu, kompyuta inadhibiti kamshafti 2. STI za kuanzia 2008 zinageuza pande zote mbili, kwa hiyo ni 4. Hesabu njia za kutoa umeme mapema: nozeli 4, koili, AVCS, busti, pampu ya mafuta, feni, relei ya AC. Boksi dogo huishiwa njia haraka.

Tatu throtoli, mlango wa hewa wa injini. Kama pedali yako ya mafuta inavuta kebo, maisha ni rahisi. Kama ni ya umeme, kompyuta iwe na uwezo wa kuiendesha throtoli, isome sensa mbili za pedali na mbili za throtoli, na ikate nguvu zisipokubaliana. Hapa usikubali neno la "tutaona".

Nne, sensa ya kugonga. EJ ina moja tu juu ya bloku. Masafa ya kuanzia kuyasikiliza hupatikana kwa kugawanya 900 kwa zao la pai na nusu kipenyo cha silinda kwa milimita. EJ20 ya kipenyo cha milimita 92 inatoa takriban kilohezi 6.2, na EJ25 ya 99.5 inatoa 5.8. Kompyuta iweze kusikiliza katika dirisha la muda la kila silinda, vinginevyo mlio wa valvu utachukuliwa kuwa injini inagonga, na halafu fundi ataizima sensa yote ili asisumbuliwe.

Tano, gia za otomatiki, imobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi) na dashibodi. Kompyuta ya gia huzungumza na ya injini, na kwenye magari mapya zaidi mazungumzo hayo hupita kwenye mtandao wa CAN pamoja na geji. Boksi lisiloijua lugha hiyo litakuachia gia zinazorusha na taa zinazowaka. Kwa Forester au Legacy ya otomatiki, mimi ningerudi hatua ya pili nikaandika upya ya kiwandani.

7. Pesa ya sensa

Ile pesa ya sensa ya ethanoli, na nyingine, peleka hapa. Sensa ya lambda (uwiano wa hewa na mafuta) ya Bosch LSU 4.9, iliyounganishwa na kompyuta yenyewe na si geji ya kutazama tu. Sensa ya presha ya oili. Sensa ya presha ya mafuta. Sensa ya joto la hewa iliyokaa baada ya intakula.

Beringi za konrodi za EJ hazina huruma oili inapokatika kwenye kona ndefu, na dereva hatazami geji akiwa kwenye kona. Kompyuta inatazama mara nyingi kwa sekunde. Iambie ikate nguvu presha ya oili ikishuka chini ya kiwango kinacholingana na mzunguko wa injini, lambda ikipanda juu ya lengo ukiwa kwenye busti, presha ya mafuta ikilegea, au busti ikizidi. Fundi akisema ulinzi utawekwa siku nyingine, mwambie siku hiyo ni leo.

8. Kununua

Piga hesabu yote kabla ya kuagiza: bei, usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, sensa, kazi ya waya, saa za dino. Boksi lenyewe mara nyingi ni nusu tu ya gharama.

Ukinunua iliyotumika, iunganishe na laptopu mbele ya muuzaji, uone kama inafunguka bila nywila. Andika namba yake ya utambulisho (serial) na uwaulize watengenezaji kama ni ya modeli uliyotajiwa. Boksi la kuchomeka la WRX ya mwaka mmoja linaweza kuingia vizuri kwenye soketi ya mwaka mwingine ambayo waya zake zimepangwa tofauti, na moshi ukishatoka haurudi.

Kompyuta ya kiwandani usiiuze. Ifunge kwenye karatasi, iandike modeli, iweke mahali pakavu. Kirinyaga Road, Nairobi, unaweza kupata nyingine, lakini kuipata inayolingana na imobilaiza yako ni kazi.

9. Siku ya kutyuni na wiki zinazofuata

Gari lifike likiwa na oili mpya, plagi mpya, tangi lililojaa mafuta ya kituo unachotumia kila siku, na bila uvujaji wa hewa kwenye mipira ya intakula. Waombe wapime uvujaji kwa moshi kabla ya kuanza, kwa sababu kutyuni gari linalovuja ni kutyuni uvujaji.

Ikiisha, chukua faili ya ramani kwenye flashi na nakala nyingine kwenye barua pepe yako. Weka rekodi ya wiki ya kwanza: kuwaka asubuhi, foleni ya mchana na AC, mlima wa kutoka Naivasha. Mrudishie fundi, maana kuwaka kwa baridi hakutyuniwi saa nane mchana.

Na kabla ya safari ya kwanza ya pwani, mwombe fundi akuwekee ramani ya pili yenye busti ndogo na taimingi iliyorudi nyuma, ya kubadilishwa kwa swichi. Iwashe kabla ya kupita Mtito Andei ukiteremka. Ukifika chini, rekodi mivuto michache mifupi (kukanyaga mafuta yote kidogo tu) kwa busti hiyo ndogo, kwenye uwanja uliofungwa na mtu wa pili akishika laptopu, mtumie faili, na usirudi kwenye ramani ya Nairobi mpaka akujibu.